Uzi Mwekundu Kwenye Waya wa Tatu

Gereji ya Mzee Shoti haikuwa na kibao, wala haikukihitaji. Ukiuliza fundi umeme wa magari, watu walikuelekeza kwenye uzio wa mabati mwisho wa barabara ya vumbi, kisha wakakuonya usimpe mkono wa salamu akiwa kazini, maana hujui mkono wa pili umeshika nini.

Jina la Shoti alilipata kihalali. Mafundi wengine wakitaka kujua kama plagi inapata moto walitumia testa, kile kibomba chenye taa ndogo. Mzee Shoti alitumia vidole. Injini ikiwa inaunguruma, aliuchomoa waya wa plagi, akaushika kwa mkono wa kulia, akafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi. Mkono wa kushoto ulikaa mfukoni siku zote, ili moto usipate njia ya kukatiza kifuani. Mmoja unapima, alikuwa akisema, mwingine unaushikilia moyo usikimbie.

Na moto aliupa vyeo. Mdogo kabisa aliuita sisimizi: unatekenya tu, hauwashi kitu. Wa pili ni nyuki. Wa tatu, ule unaotakiwa, aliuita mama mkwe, kwa sababu ukikupiga unasimama wima na kuomba radhi hata kama hujui kosa lako. Mkewe, ambaye mama yake alikuwa hai na mzima na anasikia vizuri, alishamkataza kutumia neno hilo mbele za watu. Hakuacha.

Mwisho wa kazi alipitisha kiganja juu ya nyaya zote, taratibu, injini ikiwa bado inazunguka. Waya uliopasuka ngozi ulimng'ata. Waya mzima ulinyamaza. Ule ulionyamaza aliufunga uzi mwekundu kutoka kwenye cherehani ya mkewe, mafundo mawili, masikio ameyakata. Ulikuwa ndio muhuri wake. Kuna watu walionunua magari yaliyokuwa mabovu kila sehemu, wakafungua boneti, wakaona uzi mwekundu, wakatoa pesa bila kuuliza swali la pili. Miaka thelathini na nne mkono ule haukuwahi kusema uongo.

Ndiyo maana mkono ulipoanza kukaa kimya, hakumwambia mtu.

Ilianza na ganzi asubuhi, kama mtu aliyelalia mkono. Halafu ganzi ikazoea, ikawa haiondoki hata jua likipanda. Jioni moja alikula mpaka akamaliza sahani, akalamba na vidole, ndipo mkewe akaona sindano ya kushonea imesimama kwenye kidole gumba cha mumewe kama mlingoti wa bendera. Ilikuwa imepotea tangu saa nane mchana. Mkewe aliichomoa polepole, akaitazama, akamtazama mwenye kidole.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema.

"Maradhi yanauma, mama," Mzee Shoti akamjibu. "Hili haliumi."

Akajieleza, tena kwa majivuno, kwamba mkono umekomaa. Kisigino cha mchunga ng'ombe hakisikii mwiba, mkono wa fundi umeme usikie nini? Mkewe akasema kisigino hakilishi familia. Maneno yakaishia hapo, maana mzee alitoka kwenda kukagua mlango ambao haukuwa na tatizo.

Jumanne moja, jua likiwa katikati, liliingia uani gari dogo jeupe. Mzee Shoti alilitambua kabla halijasimama. Lilikuwa gari la marehemu Twiga, mpiga picha, mtu mrefu hata ikabidi apandishe fremu ya mlango wa studio yake. Miezi mitatu nyuma Twiga alikutwa amelala nyuma ya gari hilo hilo, barabara ya juu, chini ya tangi la maji. Lilikuwa limezimika, naye alikuwa akilisukuma peke yake mlimani. Moyo, daktari alisema.

Sasa usukani ulikuwa kwa mjane wake, mwalimu wa hesabu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kunyamazisha darasa la watoto sitini. Alikuwa amekalia mito miwili. Kiti alikuwa hajakisogeza mbele. Kilikuwa bado nyuma kabisa, kwenye kipimo cha miguu ya Twiga, naye aliendesha kwa ncha za vidole vya miguu.

Alishuka, akasalimia, akaeleza shida yake kama anavyoeleza swali ubaoni. Gari linazimika. Halizimiki popote, linazimika chini ya tangi. Linakaa robo saa, kisha ukipiga stata linawaka lenyewe kama halikufanya kitu. Kila siku akienda shule, na kila siku akirudi. Magari mengine yote yanapita pale salama. Shemeji yake, ndugu wa marehemu, ameshatoa hukumu: Jumamosi analeta lori la kulivuta lipelekwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Amekubali kusubiri kitu kimoja tu, neno la Mzee Shoti.

"Amesema ukiona ubovu, nibaki nalo," mwalimu alimaliza. "Usipouona, basi si jambo la fundi. Na mimi nitajua ni nani ananisimamisha pale."

Mzee Shoti alizunguka gari kwanza, kupata muda. Gari lilikuwa limeoshwa likang'aa, isipokuwa buti. Kwenye vumbi la buti kulikuwa na viganja viwili, vikubwa, vidole vimetanuka, vimekandamizwa. Mwalimu hakuwahi kuvifuta. Mvua mbili tatu zilikuwa zimenyesha katika miezi ile, na viganja bado vilikuwepo.

Alirudi mbele haraka, akafungua boneti. Nyaya nne za plagi, kila mmoja na uzi wake mwekundu. Akapumua. Alizikumbuka, alizipitisha mwenyewe wiki moja kabla Twiga hajafariki. Basi nyaya ni safi, alijiambia, tutafute kwingine.

Akamwomba mwalimu awashe. Injini ikaitika mara moja, laini kama cherehani. Mzee Shoti akatia mkono wa kushoto mfukoni, akachomoa waya wa kwanza, akaushika, akafumba macho.

Kimya.

Hakukuwa na mama mkwe, wala nyuki, wala hata sisimizi. Mkono ulirukaruka kidogo, akasema ni mtikisiko wa injini. Akarudisha waya, akachomoa wa pili. Injini ilikohoa kama inavyopaswa kukohoa ikinyimwa plagi moja, lakini kiganjani hakukuwa na kitu. Wa tatu, kimya. Wa nne, kimya. Akaurudisha, na injini ikaendelea kuimba mbele yake, ikizunguka bila moto.

Akafuta mkono kwenye suruali. Ametengeneza magari yenye moto yasiyowaka; hilo ni jambo la kila siku. Gari linalowaka bila moto hakuwahi kuliona.

Jirani yake, mchomeleaji wa vyuma aliyeitwa Miwani kwa sababu hakuivua hata akienda msalani, alikuwa amesogea kutazama. Mzee Shoti akamwambia kwa sauti ya chini ashike waya naye apime. Miwani akarudi hatua mbili. Yeye anachomea vyuma, alisema, hajafikia cheo cha kuchomewa. Kisha akatupa jicho kwenye buti, akaona viganja, akakumbuka ghafla kwamba ana geti la mtu halijakauka rangi.

Mwalimu alikuwa akimtazama fundi kupitia kioo. Fundi akafunga boneti. Alijua kinywa chake kina nini: neno ambalo lingepeleka gari kwenye chuma chakavu na Twiga kwenye orodha ya wafu wasiotulia. Hakulisema. Alisema twende nikalione linavyozimika.

Barabara ya juu ilipanda kwa mikunjo, nyumba zikipungua kila kona, mpaka zikaisha kabisa na ukabaki ukuta mrefu upande mmoja na majani upande mwingine. Kwenye dashibodi saa ilikuwa imesimama saa tatu na dakika nane, na fundi, ambaye angeweza kuitengeneza huku amelala, hakutamani kuigusa. Kona ya mwisho likatokea tangi, juu ya miguu minne ya chuma, kubwa, limeota kutu, kivuli chake kimelala katikati ya barabara.

"Hapa," mwalimu alisema.

Na injini ikazima. Haikukohoa, haikusita. Ilizima kama mtu aliyeambiwa.

Gari likaserereka hadi ukingoni, likasimama. Ukabaki mlio mmoja tu, maji yakidondoka kutoka juu, tone, kisha kimya kirefu, kisha tone. Mchana mweupe, jua la kutoboa bati, na Mzee Shoti akafunga kifungo cha kola. Mwalimu alikuwa ameegemeza kichwa, macho yamefumba, midomo ikicheza kidogo. Fundi aliinamisha uso. Alielewa kwamba mwanamke huyu hasubiri gari. Anaongea na mtu, na ni mazungumzo ya kila siku, asubuhi na jioni, robo saa robo saa.

Alishuka kwa adabu, kama anayetoka chumba cha wagonjwa, akafungua boneti.

Mvuke ulimpiga usoni. Matone yalikuwa yakichemka juu ya bomba la moshi, tss, tss. Akatazama chini. Tangi lilikuwa linavuja. Maji yalikuwa yamekata barabara na kuchimba kidimbwi, na kila gari lililopita lilijirushia maji lenyewe tumboni. Alitazama tena injini. Nyaya za plagi zilikuwa zimelowa, zinang'aa, na nyuzi nyekundu zimenywa maji zikawa nyeusi.

Nyaya zenye uzi wangu, alijiambia, haziwezi. Lakini alisimama pale akiangalia matone yakikauka moja moja juu ya nyaya zilizopashwa na injini, na la mwisho lilipokauka, akasikia mwalimu akipiga stata, na gari likawaka. Ilikuwa robo saa kamili.

Usiku huo hakulala vizuri. Asubuhi mkewe alimwona akichukua chupa ya kunyunyizia nguo za kupiga pasi, akamwambia tu airudishe ikiwa chupa, isirudi ikiwa kipuri.

Jumatano mchana, mwalimu alipotoka shule, gari lilikuwa uani tena. Kuna kipimo cha zamani ambacho Mzee Shoti alikidharau tangu ujana, cha watu wenye mikono laini: unalitia gari giza, unailowesha injini, unautazama moto unakotorokea. Akatandaza turubai zito jeusi juu ya boneti iliyofunguliwa, mbali na feni, akaingia chini yake hadi kiunoni, kama wale wapiga picha wa zamani na kitambaa chao. Wazo hilo lilimjia akiwa tayari ndani, na angependa lisingemjia. Kulikuwa na joto la tanuri na giza la kaburi. Akashika ukingo wa boneti kwa mkono wa kushoto, akautegemeza wa kulia juu ya injini, sehemu yoyote, akapaza sauti mwalimu awashe.

Injini iliamka mbele ya uso wake. Giza tupu. Akautoa mkono wa kushoto, akanyunyiza maji mara moja, mara mbili.

Waya wa tatu ukawaka. Nyuzi za buluu zikatambaa juu yake kama minyoo, zikitafuta njia, zikiruka na kurudi, tik tik tik tik. Ngozi ya waya ilikuwa imepasuka kwa urefu wa kidole, na moto uliokusudiwa plagi ulikuwa unamwagika nje. Ubovu ulikuwa pale, wazi kama mchana. Mzee Shoti karibu acheke kwa furaha. Maskini Twiga hakuwa anasimamisha magari. Ni waya, waya mbovu tu.

Kisha akafuata kwa macho moto ulikokuwa ukirukia. Haukuwa ukirukia chuma. Ulikuwa ukirukia kidole. Kidole kinene, chenye kovu la sindano, kimekaa shwari karibu na waya, na kila mruko wa buluu kilikuwa kinadunda chenyewe kama mkia wa mjusi uliokatika. Aliwaza, huyu nani ameweka mkono wake humu na mimi?

Akanusa nyama inayoungua.

Ndipo akaufuata ule mkono kwa macho, kutoka kidole hadi kiganja, hadi kwenye saa yake mwenyewe, hadi kwenye shati lake mwenyewe. Alikuwa akipigwa na mama mkwe mara kumi kwa sekunde, na hakusikia chochote. Kwa mwanga ule ule wa buluu, sentimita mbili kutoka kwenye ufa, aliona uzi mwekundu, mafundo mawili, masikio yamekatwa.

Alimwambia mwalimu azime.

Ukweli ni kwamba angeweza kutoka na kusema waya tu. Waya umechakaa, tumebadilisha, nenda salama. Shemeji angerudisha lori lake, mwalimu angebaki na gari, na gereji ingepata sifa ya kushinda mizimu. Miwani alikuwa ameshasogea, tayari kuipeleka habari mtaani. Mzee Shoti alitoka, jasho linamtiririka, akamwambia Miwani akaangalie geti lake. Akangoja aondoke. Kisha akachomoa waya wa tatu, akauweka mkononi mwa mwalimu.

"Umepasuka," alisema. "Ukilowa kabisa, moto unatoka nje na kuvuruga hata plagi nyingine. Pale kwenye tangi ndipo unapolowa. Ukikauka, gari linawaka."

Mwalimu aliugeuza waya. Akaugusa uzi.

"Huu uzi si wako?"

"Wangu. Niliupitisha mimi, wiki moja kabla ya msiba. Nilipapasa kwa mkono huu. Waya uling'ata, mwalimu. Mkono haukusema."

Akamwonyesha kidole, kilichoiva upande mmoja. Hakuongeza kwamba gari lisingezimika, Twiga asingesukuma. Mwalimu wa hesabu hahitaji kujumlishiwa.

Mwalimu akauzungusha uzi kwa ukucha. Aliposema, sauti ilikuwa ndogo, ya mtu mwingine kabisa.

"Kwa hiyo hakuwa ananiita."

Mzee Shoti akauficha mkono nyuma. Mwalimu akaukunja waya, akautia kwenye mkoba wa vitabu, akamwamuru afunge nyaya mpya zote nne, kisha apande. Alifunga kwa macho, akiangalia kila kidole kinakwenda wapi, kama mtu anayeongoza watoto kuvuka barabara. Uzi hakufunga.

Wakapanda barabara ya juu. Mikunjo ile ile, ukuta ule ule, kivuli cha tangi kimelala njiani. Mwalimu hakusema "hapa". Maji yaliruka yakagonga tumbo la gari kwa kishindo, na injini ikapita juu yake ikiimba, haikugeuka kutazama. Tangi likabaki nyuma.

Mita mia mbele, mwalimu alikanyaga breki, akageuza ufunguo, akazima gari yeye mwenyewe.

Walikaa. Hapo tone halikusikika; walikuwa mbali. Mzee Shoti alitazama mbele, mkono wa kulia juu ya goti, wa kushoto mfukoni kwa mazoea, akisubiri kutukanwa na akijua atastahili. Dakika zilipita. Saa ya dashibodi iliendelea kuwa tatu na dakika nane. Alianza kufikiri kwamba pengine mwanamke huyu ameamua kusamehe, au amesinzia.

Ndipo macho yakamshuka hadi kwenye goti lake.

Mkono wa mwalimu ulikuwa juu ya wake. Kucha nne zilikuwa zimezama kwenye ngozi, nyuma ya kiganja, kwa nguvu zote, hadi vifundo vyake vikawa vyeupe, na kwenye kila ukucha kulikuwa na mstari mwembamba wa damu, ambao mmoja wake ulikuwa umeanza kukauka. Hakujua kucha zile zilikuwepo tangu lini.

Mwalimu alikuwa anamtazama usoni, machozi yamelowesha kola.

"Husikii kabisa?"

"Sisikii, mwalimu."

Akaendelea kumtazama kidogo, kama anayehakiki jibu. Kisha akaondoa kucha moja moja, akafuta mkono kwenye sketi, akasogeza kiti mbele, klak, klak, klak, mpaka miguu ikakanyaga vizuri. Mito miwili akaitupa nyuma.

"Tunapitia hospitali," alisema. Akapiga stata.